Rávdná Varsi na Kivuli cha Áhkojohka

Ndugu na majirani mliojaa humu kanisani, pamoja na ninyi mliokosa nafasi mkasimama nje kwenye theluji: tunayemzika leo ni Rávdná Varsi, mama yangu mkubwa. Mimi ni Márgget, binti wa marehemu mdogo wake, Gáren. Familia ilinipa kazi ya kuandika maisha yake, na mjomba wangu Heaika akaniomba niandike mafupi, matamu, na nisiguse habari za nyasi. Mafupi nimeshindwa. Habari za nyasi nitazigusa, tena kwa mikono miwili, kwa sababu ukiziondoa hizo, mtakuwa mmemzika mtu mwingine.

Rávdná alizaliwa tarehe 2 Februari 1948, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Alizaliwa kwenye kibanda cha mabonge ya udongo, maana wanajeshi walichoma nyumba zote za eneo hili mwishoni mwa vita, na babu yangu alikuwa bado anasubiri mbao. Inasimuliwa kwamba alilia kwa nguvu hadi mkunga akasema, "Huyu ana sauti ya mtu mwenye kesi." Mkunga hakukosea. Baada yake walifuata Heaika, ambaye mnamwona hapa benchi la mbele, na mama yangu Gáren.

Mwaka 1955 alipelekwa shule ya bweni, akiwa na miaka saba, na huko alikaa hadi 1962. Wazee wenzake mliomo humu mnajua zilivyokuwa shule zile: ukisema lugha ya mama yako unasimamishwa kona. Siku moja walipewa uji wa samaki wa baharini, mzito, wa kijivu, na mlezi akatangaza kwamba hakuna kuondoka mezani hadi sahani iwe tupu. Wenzake wakaziba pua wakameza. Yeye alikaa. Masomo ya mchana yakaisha, yeye amekaa. Meza zikafutwa, yeye amekaa. Mwishowe mlezi mwenyewe alichoka, akaichukua sahani. Baadaye, kuanzia 1971 hadi 2010, Rávdná alikuwa mpishi wa shule, na katika miaka yote hiyo hakumlazimisha mtoto hata mmoja kumaliza chakula. Alikuwa akiwaambia, "Kama hutaki, sema hutaki. Usifiche kwenye taulo, mimi ndiye ninayeifua."

Hiyo ilikuwa kazi ya mshahara. Kazi ya moyo wake ilikuwa wavu wa samoni, na hapa ndipo nyasi zinapoingia. Wageni mliotoka kusini hamjui, kwa hiyo nitasema. Katika mto wetu, wavu si wa kila mtu. Ni wa mwenye shamba anayeishi hapahapa bondeni na kuvuna nyasi kavu za mifugo, kilo elfu mbili kwa mwaka. Huna nyasi, huna wavu. Walioitunga sheria hiyo zamani walitaka tuwe wakulima, na sisi kwa kupenda samoni tukawa wakulima kwelikweli.

Mwaka 1964 babu alipungukiwa nyasi. Akawachukua watoto wake, wakashuka hadi Áhkojohka, kile kijito kinachokatiza shamba lao na kuingia mto mkubwa, wakakata mierebi yote ya kingo zote mbili ili konde lipanuke. Walibakiza mwerebi mmoja tu, wa kufungia mashua. Rávdná alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa akituambia kwamba alishangilia kila mti ulipoanguka. Nani angemlaumu? Mji mzima ulikuwa unafanya vilevile, kijito baada ya kijito. Hakuna aliyekumbuka kwamba samoni huanza maisha yake kwenye vijito hivyo, kwamba anakaa humo miaka mitatu, minne, kabla hajashuka baharini, na kwamba maji yakipata joto anakosa pumzi. Tulivivua nguo vijito vyetu ili ofisi inayotoa haki za wavu ione tuna nyasi. Na leo jua limekuwa kali kuliko lilivyokuwa wakati wowote wa uhai wetu, samoni hawarudi, na tunaambiwa kosa ni la nyavu zetu. Jamani! Sheria yao ilitaka nyasi, nyasi zikataka kingo, kingo zikabaki uchi, halafu mwenye kosa ni bibi mwenye wavu mmoja!

Nisamehewe. Narudi kwenye ndoa.

Rávdná alifunga ndoa na Jovnna Varsi katika kanisa hili, tarehe 20 Juni 1970. Jovnna alitoka juu ya mto, na alianza kumchumbia kwa kuja kusaidia kutundika nyasi kwenye vichanja vya kukaushia. Alizitundika ovyo. Rávdná alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza, "Wewe, unaanika nyasi au unatandika kitanda?" Jovnna akajibu, "Nikianika vizuri nitamaliza mapema, na nikimaliza mapema nitarudi nyumbani." Basi ikawa hivyo. Siku ya harusi bwana harusi alichelewa kwa sababu samoni walikuwa wamejaa wavuni, na hakuna mtu wa hapa aliyeona ni kosa. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Niillas, mwaka 1974. Jovnna alifariki mwaka 2012, na tangu hapo mama mkubwa aliliendesha shamba mwenyewe. Konde lake lilikuwa fahari ya bonde. Lilikuwa safi hadi ukingoni mwa maji, na wapita njia walipunguza mwendo wa gari walitazame.

Kisha ikaja ile Julai ya 2018, mlipokuwa mnalala na madirisha wazi na bado mnatokwa jasho. Mama mkubwa aliteremka Áhkojohka kuchota maji ya kondoo. Akatia mkono. Alinipigia simu mjini Tromsø, nilikokuwa nafanya kazi, na sauti yake sijaisahau.

"Márgget, maji yana joto kama ya kuogeshea mtoto."

"Ni jua tu, mama mkubwa. Litapita."

"Samoni wachanga wako juujuu, tumbo juu, kwenye mawe. Waliobaki hai wote wamejibana mahali pamoja. Unajua wapi? Chini ya mwerebi wa mashua. Wamesongamana kwenye kivuli cha mti mmoja, Márgget! Na ile mingine niliishangilia mimi!"

Toka siku hiyo hakukata tena nyasi za kingoni. Aliacha upande huu na upande ule, hatua nyingi tu, akachukua matawi ya ule mwerebi mmoja na kuyachomeka ardhini. Ninyi mnajua mwerebi hauna maringo. Ukiuchomeka, unaota. Miaka mitatu baadaye kingo zilikuwa na miti iliyomfikia mtu kifuani, na maji ya chini yake yalikuwa yamepoa kiasi kwamba alikuwa anatuita tutie mikono. Sote tulitia. Heaika naye alitia, na akasema ni kweli.

Lakini konde lilionekana chafu. Na hapa kwetu mtu anaweza kusamehewa mengi, ila si konde chafu. Maneno yakaanza dukani, kwenye kahawa, hata baada ya ibada.

"Rávdná, mashine yako ya nyasi imekufa?"

"Mashine nzima. Mwenye mashine ndiye amepata akili, ila amechelewa."

"Tunasikia siku hizi unafuga kichaka."

"Ndiyo. Hakili, hakinyi, na hakiulizi maswali kama wewe."

Alicheka nao. Lakini nyumbani ilimuuma. Mwanamke aliyefanya kazi tangu akiwa mtoto, anaitwa mvivu uzeeni! Aliniambia mara moja kwamba alikuwa anavuta pazia la upande wa barabara ili asione magari yanavyopunguza mwendo, maana sasa walipunguza kwa sababu nyingine.

Mwaka 2021 kijana wa ofisi alikuja kuthibitisha nyasi. Alikuwa mpole, nasema ukweli wake. Alisimama pale ukingoni akatazama mierebi.

"Mama, nyasi ziko wapi?"

"Nimezigeuza kivuli."

"Kwenye sheria hakuna kivuli, mama. Kuna nyasi tu."

"Na samoni yumo kwenye sheria?"

Mwaka huohuo mama mkubwa alifutiwa haki ya wavu, haki iliyokuwa kwenye ukoo huu tangu babu wa babu yake. Na mwaka huohuo, sikilizeni vizuri, uvuvi wa samoni ulipigwa marufuku mto mzima kwa sababu samoni wamepungua. Kwa hiyo yule aliyetoa konde lake ili samoni waishi, ndiye aliyepoteza wavu moja kwa moja. Wengine wote tulibaki na haki zetu na nyasi zetu na maji yetu ya moto. Mimi nilisomea uuguzi, sikusomea sheria, lakini kama hiyo ni akili basi nifundishwe upya kusoma.

Yeye hakulia. Alisema, "Wavu utarudi, samoni wakirudi. Tangulizeni samoni."

Tarehe 1 Agosti 2022 moyo wake ulimsumbua kwa mara ya kwanza, akapelekwa hospitali, akakaa huko wiki kadhaa. Na sasa nafika pale mjomba aliponiomba nisifike.

Jumamosi ya tarehe 20 Agosti, mjomba Heaika aliwaita majirani wote kwenye kazi ya pamoja shambani kwa dada yake. Ninyi ndio mliokwenda. Mlikwenda na mashine za nyasi, misumeno, reki, na sufuria kubwa la kahawa. Wanawake walioka mikate. Mchungaji aliomba kabla ya kuanza. Niillas, mwanawe mwenyewe, aliendesha trekta. Na mkakata mierebi yote isipokuwa ule wa mashua, upande huu na upande ule, hadi kwenye maji, mkasawazisha, mkaanika nyasi kwenye vichanja, mkaita ofisi ije kupima. Ofisi ikapima, ikaridhika, ikamrudishia haki ya wavu. Haki ya kuweka wavu kwenye mto usioruhusiwa kuvuliwa, usio na samoni! Mkapiga na picha.

Najua mlifanya kwa upendo, na hilo ndilo linalonitia uchungu. Angekata adui, ningemtukana nikalala. Mlitokwa jasho kwa ajili yake siku nzima, hakuna aliyelipwa, na kila mmoja wenu alirudi nyumbani akijisikia mtu mwema. Hakuna hata mmoja aliyeinua simu kumuuliza mgonjwa, "Rávdná, tukukatie?" Mlimjua miaka sabini na hamkumuuliza!

Niillas alimrudisha nyumbani mwezi Septemba. Watu wengi walikuwa uani wakimngojea, kahawa iko tayari, na jibini limekatwa vipande vya kutia kwenye kikombe kama alivyopenda. Mimi nilikuwa kwenye gari pamoja naye. Alishuka, akashika mlango wa gari, akatazama konde. Lilikuwa safi hadi ukingoni, kama zamani. Alitazama kwa muda mrefu, na watu wakadhani ni furaha.

Heaika akasema, "Dada, tumekurudishia haki yako."

"Haki ya kuvua nini, Heaika?"

"Wakirudi, dada. Samoni wakirudi."

"Watarudi wapi? Kwenye sufuria?"

Basi akafanya alivyolelewa. Aliwashukuru wote, mmoja mmoja, kwa majina, kwa jasho lao. Akanywa kahawa. Akasifu mikate. Na alipomaliza akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa nani kati yenu atanipoozea maji?" Mlicheka. Mlidhani anatania.

Joto la 2023 lilimkuta hana nguvu za kuchomeka hata tawi moja. Daktari alimkataza kuinama. Mierebi ilikuwa imeanza kuchipua tena kutoka kwenye visiki, lakini machipukizi yalimfikia gotini, na goti halitoi kivuli. Samoni wachanga wakajibana tena chini ya ule mti mmoja. Ndipo alipofanya jambo ambalo baadhi yenu mmelicheka tangu siku ile. Alimwambia Niillas asimamishe vichanja vya nyasi pande zote mbili za kijito. Akamwambia alete wavu kutoka ghalani, ule wavu wenye haki kamili. Wakautandaza juu kutoka kichanja hadi kichanja, juu ya maji, bila kugusa maji. Kisha wakatupia juu yake nyasi zilezile mlizomvunia, mafungu kwa mafungu, hadi jua likakoma kupita. Akaleta kiti cha jikoni akakaa hapo. Niillas anasema kabla ya chakula cha mchana samoni wachanga walikuwa wamejaa chini ya lile paa, wametulia. Mama mkubwa alimwambia mwanawe, "Haya, hatimaye wavu na nyasi vimefanya kazi."

Niillas aliniambia kwamba siku hiyo ndipo alipoelewa alichokifanya na trekta lake.

Paa lile lilidumu siku tatu. Mtu aliona wavu ukiwa kijitoni wakati wa marufuku, akapiga simu. Aliyepiga yumo humu ndani, simtaji, na supu ya mazishi atakunywa kama wengine. Wakaguzi wawili wakaja na gari. Mama mkubwa hakuinuka kwenye kiti.

"Mama, hairuhusiwi kuweka wavu."

"Sijauweka. Nimeuanika."

"Uko juu ya kijito cha samoni."

"Uko juu, wanangu. Samoni haruki angani kuja kunaswa. Hebu inameni mtazame."

Waliinama. Waliwaona. Mmoja wao, Niillas ni shahidi, alivua kofia akajikuna kichwa. Kisha wakaukunja wavu wakauchukua, kwa sababu agizo lilisema wavu, halikusema juu au chini. Nyasi zikamwagika majini. Mama mkubwa alikaa pale hadi jua lilipohama upande wa pili wa kilima, na Niillas aliporudi kumchukua alimkuta analia. Hiyo ndiyo mara pekee mwanawe alimwona akilia tangu baba yake afe. Mwanamke huyu hakuvunjwa na shule ya bweni, akaja kulizwa na agizo!

Kuanzia majira ya baridi moyo wake ulizidi kuchoka. Hakutaka kurudi hospitali. Alifariki nyumbani, tarehe 19 Aprili 2024, asubuhi, kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, wakati Niillas anammiminia kahawa. Maneno yake ya mwisho hayakuwa makubwa. Alisema, "Usijaze sana." Siku chache kabla ya hapo, hata hivyo, alinishika mkono akasema jambo moja, na akataka nilirudie ili ahakikishe nimelisikia: visiki vimechipua, visiguswe.

Juzi tulikutana jikoni kwake kupanga mazishi. Mjomba Heaika, macho mekundu, akasema, "Julai tutakusanyika tumkatie konde lake kwa mara ya mwisho. Lipendeze. Tumuenzi." Na watu mkaitikia vizuri! Mkaanza kugawana, nani mashine, nani mikate. Nilisimama nikatoka nje, maana ningebaki ningesema maneno yasiyofaa kusemwa marehemu yumo ndani. Mjomba alinifuata barazani.

"Márgget, mimi sijui kuandika kama wewe. Sijui kuimba. Nisipomkatia nyasi dada yangu, nimfanyie nini?"

"Usimfanyie kitu, mjomba."

"Hakuna hata kitu kimoja?"

"Hakuna. Kaa nyumbani. Unywe kahawa."

"Hiyo siiwezi," akasema, akalia kama mtoto, nami nikamkumbatia, na hasira yangu yote ikabaki haina pa kwenda. Bado ninayo, mnaisikia. Lakini nawaambia ninyi nilichomwambia yeye. Najua kukaa bure kunawauma kuliko kazi yoyote. Uvumilieni uchungu huo. Ndiyo zawadi pekee aliyoiomba.

Rávdná Varsi ameacha mdogo wake, Heaika. Wajukuu wawili, Elen na Joret. Mimi na kaka zangu wawili. Na mwanawe Niillas, ambaye shamba sasa ni lake. Niillas si msemaji, ameniomba niseme kwa niaba yake. Mwaka huu ofisi ikija haitakuta nyasi za kutosha. Haki ya wavu itafutwa, na safari hii ameridhia ifutwe, akijua kwamba binti yake Elen huenda asiweke wavu kamwe. Lango la shamba litakuwa wazi kwa kila mtu anayekuja kutia mkono kwenye maji. Kwa atakayekuja na mashine litafungwa, awe mjomba, awe mchungaji.

Na yule aliyepiga simu, baada ya supu, aje nimwoneshe mierebi ilipofikia.

Alale kwa amani mama yetu mkubwa, na Julai ikifika asisikie mlio wa mashine hata mmoja.